Geto la watu sita: namna ya kuliendesha kiushirika kuanzia Novemba hadi Julai

Mwanafunzi wa Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) aliyekosa kitanda hosteli ya Mabibo au Hosteli za Magufuli ana njia tatu. Abebane na rafiki aliyepata, apange chumba peke yake, au aungane na wenzake wachukue nyumba nzima Changanyikeni, Msewe, Makongo Juu au Kibangu. Mwongozo huu ni wa hiyo ya tatu, tena kwa namna moja tu ya kuiendea: geto lisilo na "mwenye geto". Wote wanalipa sawa, kila mtu ana kura moja, na hakuna asiyepika.

Mfano tutakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni nyumba ya vyumba vitatu na sebule, watu sita, wawili kila chumba, kodi Sh 300,000 kwa mwezi. Bei zote humu ni za kupigia hesabu tu. Weka za kwako.

Mageto mengi hayavunjwi na tabia za watu kama inavyodhaniwa. Yanavunjwa na kalenda tatu zisizopatana. Kalenda ya chuo huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na kuisha Julai. Ya mwenye nyumba ina miezi kumi na miwili, naye anataka kodi ya miezi sita mkononi. Ya bumu, yaani pesa ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, huja kwa mafungu ya siku sitini hivi, na fungu la kwanza halitoki mpaka mmeripoti, mmesajiliwa na mmesaini. Ugomvi wa sukari na sufuria mara nyingi ni moshi tu. Moto wenyewe uko kwenye tarehe.

Anzeni na hesabu, nyumba baadaye

Posho ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ni Sh 10,000 kwa siku. Fungu la siku sitini ni Sh 600,000. Sasa tazama linavyoyeyuka.

Kodi ya miezi sita ni Sh 1,800,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, 300,000. Jumla 2,100,000, yaani 350,000 kwa kichwa. Kwenye bumu inabaki 250,000. Toa chakula cha pamoja, 2,500 kwa siku mara sitini: 150,000. Toa mchango wa umeme, maji na gesi, 22,000 kwa mwezi: 44,000. Umebakiwa na 56,000 za siku sitini, haifiki elfu moja kwa siku, na hapo hujala mchana, hujapanda daladala, hujatoa nakala. Geto la namna hii huanza kukopana wiki ya tano. Wiki ya saba mmoja hulala kwa rafiki ili asikutane na mhazini.

Mkilipa miezi mitatu, hesabu inabadilika: 900,000 na dalali 300,000 ni 1,200,000, kila mtu 200,000. Baada ya chakula na mchango wa nyumba unabakiwa na 206,000, kama 3,400 kwa siku. Mtu anaweza kuishi nayo.

Kwa hiyo jambo la kwanza kumwomba mwenye nyumba ni awamu za miezi mitatu. Punguzo la kodi lifuate. La pili ni mkataba wa miezi tisa, tarehe 1 Novemba hadi 31 Julai. Atakataa, kwa sababu Agosti hadi Oktoba nyumba itakaa tupu. Hapo mpandishieni dau. Miezi kumi na miwili kwa 300,000 ni 3,600,000. Miezi tisa kwa 340,000 ni 3,060,000. Mmemwongezea kodi na bado mmeokoa 540,000, elfu tisini kila mmoja. Akishikilia mwaka mzima, ombeni kiandikwe kifungu cha kuruhusu wapangaji wa muda kati ya Agosti na Oktoba. Vyuo vya mikoani hutuma wanafunzi kufanya mafunzo kwa vitendo Dar kipindi hicho, nao hutafuta chumba cha wiki nane na kukikosa. Tangazo liandaliwe Juni. Ikifika Julai wameshapata kwa shangazi.

Kumbukeni pia kodi ya kwanza hulipwa kabla bumu halijaingia. Hizo laki mbili za kila mtu lazima zitoke nyumbani, au kwenye akiba ya mwaka uliopita. Asiyenazo aseme mapema, mwezi Septemba, mkubaliane ni nani anamkopesha na atalipa fungu lipi. Akisema siku ya kusaini mkataba, watano wataingia na deni la wa sita.

Kukagua nyumba

Nendeni mara mbili: mchana na dalali, halafu asubuhi saa kumi na mbili bila dalali. Asubuhi fungueni bomba. Waulizeni majirani maji ya DAWASA hutoka siku zipi, kwa sababu dalali atajibu "kila siku" hata pale yanapotoka Jumanne tu. Kama nyumba inategemea kisima, onjeni. Visima vingi vya Dar vina chumvi: sabuni haitoi povu, kipengele cha hita huota magamba, chai ina ladha yake. Maji hayo yanafaa chooni na kudeki. Ya kupikia mtanunua kwa madumu, na gharama hiyo iingie kwenye bajeti.

Angalieni kuta za nje chini. Mstari wa rangi ya udongo wenye urefu wa kiganja ni alama ya mafuriko. Masika ni Machi hadi Mei, katikati ya semesta ya pili, na mabonde ya upande wa Msewe na Kibangu hayana huruma. Kama mmeikagua nyumba Septemba vumbi likitimka, hamjaiona.

Nunueni LUKU ya Sh 2,000 kwa namba ya mita ile mkiwa hapohapo. Mita yenye deni inamega pesa kabla ya kutoa uniti, na risiti itaonyesha. Pigeni picha mita ya umeme, mita ya maji, kila dirisha lililopasuka na kila kitasa kisichofunga. Ulizeni shimo la choo lilinyonywa lini, kisha mkataba useme nani atalipa gari la maji taka likijaa. Kifungu hiki husahauliwa kila mwaka. Shimo hujaa hasa mkishakuwa watu sita mahali walipokuwa wakiishi wanne, na kwa kuwa mnatumia ninyi, mwenye nyumba atasema mmelijaza ninyi.

Mkataba uwe na majina sita na saini sita. Likiwa jina moja, huyo ndiye mpangaji na ninyi ni wageni wake. Mkikosana naye Februari, mtatoka ninyi. Barua ya utambulisho chukueni serikali ya mtaa, na mjumbe ajue sura zenu zote siku ya kwanza, ili usiku mkipigiwa mlango awepo wa kusema "hao ni wanafunzi wetu."

Mifuko mitatu, daftari moja

Pesa za geto zigawanywe sehemu tatu zisizokopeshana.

Mfuko wa kodi hujazwa siku bumu linapoingia, kabla ya jioni. Kila mtu anatoa 150,000 za miezi mitatu inayofuata. Uwekwe mahali ambapo mtu mmoja hawezi kutoa peke yake: huduma za vikundi kwenye simu kama M-Koba, au akaunti ya benki ya saini mbili. Laini ya mhazini si mahali pa kuweka laki tisa. Hata mhazini akiwa malaika, simu huibiwa Ubungo.

Mfuko wa nyumba ni wa umeme, maji, gesi, taka na vifaa vya usafi. Kwa watu sita tumekadiria kama 132,000 kwa mwezi, 22,000 kila mtu, tarehe 1.

Mfuko wa chakula hukusanywa kila Jumapili, 17,500 kwa kichwa. Usikusanywe kwa mwezi. Mchango wa mwezi humalizwa wiki ya kwanza kwa kuku, na wiki ya nne ni chai kavu.

Mhazini asiwe ndiye anayekwenda sokoni. Anayenunua anapewa pesa, anarudi na chenji na orodha, mhazini anaandika. Wanafunzi wazuri wa hesabu hupenda kutengeneza jedwali la kompyuta, lakini kaunta buku ya kwaya mbili iliyofungwa kwa kamba kwenye meza ya sebuleni hushinda, kwa kuwa kila anayepita anaisoma. Ukurasa mmoja wa wiki uonekane hivi:

Baki ya wiki iliyopita 41,200. Mchango 6 × 17,500 = 105,000. Jumla 146,200.
Mchele kilo 3: 8,400. Maharage kilo 2: 6,400. Dagaa nusu kilo: 6,000. Mboga, nyanya, vitunguu: 18,000. Mafuta lita 1: 6,500. Nyama kilo moja na nusu: 15,000. Nazi nne: 4,800. Matumizi 65,100.
Inayotakiwa kubaki 81,100. Iliyohesabiwa 79,600. Pungufu 1,500.

Hiyo pungufu ya 1,500 ndiyo sababu ya kuwa na daftari. Msiifute, wala msiizibe kwa pesa ya mfukoni. Iandikeni ilivyo. Mara nyingi ni bajaji ya kutoka Tandale ambayo mnunuzi aliona aibu kuidai. Ikijirudia wiki tatu, ongezeni mstari wa usafiri na tatizo limekwisha. Pungufu zisizoandikwa hugeuka kuwa minong'ono, na mnong'ono hauna mstari wa kuuandika.

Jikoni

Pikeni pamoja mlo mmoja tu, wa jioni. Asubuhi kila mtu na ratiba yake, mchana wengi wako chuo. Geto linalojaribu kupika milo mitatu ya pamoja huchoka kabla ya Krismasi.

Vipimo vya watu sita wanaoshiba: ugali, unga kilo moja na nusu, sufuria isiyopungua lita nane. Wali, mchele kilo moja kamili. Maharage makavu, gramu 600 hadi 750. Dagaa, nusu kilo. Mchicha, mafungu sita hadi manane, maana unanywea. Mafuta yasizidi desilita moja kwa siku, kwa hiyo lita tatu zinavusha mwezi. Kwa kipimo hiki kiroba cha unga cha kilo 25 hutoa ugali wa jioni kumi na sita. Jioni zilizobaki za mwezi ni wali, kama kilo kumi na tatu au kumi na nne. Nafaka nunueni Tandale mara moja kwa mwezi. Ndizi, viazi na mboga fuateni soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo asubuhi. Ukinunua kwa sado (kopo la kupimia), jaza mwenyewe au simama ukiona: kuna sado zilizobonyezwa kitako.

Unga na mchele vikae kwenye ndoo zenye kifuniko. Kiroba kilichoachwa wazi jikoni Dar hupata wadudu haraka, hasa mvua zikianza, na panya hawahitaji mwaliko.

Sukari, majani ya chai, sabuni za kuogea na mkate viwe vya mtu binafsi. Ushauri huu unaonekana wa kichoyo, lakini una maana yake. Mmoja hunywa chai vijiko vinne mara tatu kwa siku, mwingine hanywi kabisa. Kitu ambacho matumizi yake yanapishana sana kati ya mtu na mtu kikiwa cha shirika, anayetumia kidogo anamlipia anayetumia kingi, na anajua.

Gesi: jiko la kawaida la sahani moja hula gramu 150 hadi 200 kwa saa. Mtungi wa kilo 15 una saa 75 hadi 100 ndani yake. Mkiwasha saa mbili na nusu kwa siku unaenda siku thelathini hadi arobaini. Ukiisha wiki ya tatu, ama kuna anayechemsha maji ya kuoga kwa gesi, ama mlipewa mtungi usiojaa. La pili mnalizuia dukani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake. Mtungi uliojaa upimwe kwenye mizani, toa uzito huo, ibaki kilo 15. Muuzaji asiye na mizani, nendeni kwa mwingine.

Kila mnapobadilisha mtungi, changanyeni sabuni ya maji na maji kikombeni, mpake kwa brashi pale regyuleta inaposhika mtungi na kwenye ncha zote mbili za mpira. Tazameni kwa dakika moja. Mapovu yanayokua ni gesi inayovuja: funga, kaza, paka tena. Mpira wenye nyufa ukiukunja, tupa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatulia sakafuni, kwa hiyo mtungi ukae karibu na mlango na usilazwe. Mkisikia harufu usiku, msiguse swichi yoyote, wala ya kuzima. Fungueni milango, funga mtungi, tokeni.

Maharage kwenye gesi ni saa mbili, theluthi ya kilo. Ukikadiria gesi Sh 4,000 kwa kilo, umechoma zaidi ya 1,300. Jiko la umeme la presha la wati 1,000 linayaivisha bila kufika uniti moja, chini ya Sh 356. Mkichangia kitu kimoja tu cha umeme, kiwe hicho. Loweka tangu usiku, mwaga maji ya kulowekea, pika kilo moja na nusu kwa mkupuo, iwe ya jioni mbili.

LUKU na maji

Msidanganyane na bei ya wateja wadogo. Ni ya mita zisizozidi uniti 75 kwa mwezi, na geto la watu sita lenye friji haliwezi kubaki humo: friji dogo uniti moja kwa siku, feni tatu za wati 55 kwa saa nane ni 1.3, kompyuta sita kwa saa tatu ni 0.9, taa 0.3. Jumla tatu na nusu kwa siku, 105 kwa mwezi. Kwa bei ya kawaida ya Sh 292, ukijumlisha VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) 3 na ya mdhibiti wa nishati (EWURA) 1, uniti ni Sh 356. Ndiyo maana elfu kumi hutoa uniti 28. Uniti 105 ni kama 37,400.

Juu yake kuna kodi ya jengo, Sh 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, inayokatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Kisheria ni mzigo wa mwenye jengo. Mwambieni mapema muikate kwenye kodi ya pango, muiandike kwenye mkataba. Miezi msiyonunua hulimbikizwa: mkifunga nyumba Julai na kurudi Novemba, manunuzi ya kwanza yatamegwa ya miezi yote hiyo, na atakayenunua atadhani mita imeharibika.

Anunue mtu mmoja, kila Jumatatu, kwa kiasi kilekile. Mkinunua "aliye karibu na pesa anunue", watu wawili watabeba mita mwaka mzima. Risiti zibandikwe kwenye daftari. Mwenye kitu kinachokula umeme peke yake, hita ya maji ya kuoga, pasi ya biashara, friji la chumbani, aongeze. Kujua kiasi ni rahisi: soma mita, washa kitu hicho kwa saa nzima vingine vikiwa vimezimwa, soma tena.

Maji: kila mtu lita 55 hadi 60 kwa siku, nyumba nzima 350. Tangi la lita 1,000 ni siku tatu bila bomba. Siku ya nne ni boza (gari la maji) au madumu, kwa bei ya kuumiza. Weka ndoo yenye mfuniko ya lita 20 kwa kila mtu kama akiba isiyoguswa. Ya kunywa yachemke kabisa, yapoe, yachujwe, yakae kwenye chombo chenye koki ili watu wasichote kwa vikombe.

Zamu

Wanafunzi wa Berkeley, California, ambao nyumba zao za ushirika zilianza 1933, wanapimana kwa saa: desturi yao ni saa tano za kazi kila mwanachama kwa wiki. Kwa watu sita, kuhesabu saa ni makaratasi mengi kuliko kazi, ila wazo lake chukueni: kudeki korido dakika kumi na kusugua choo dakika arobaini si zamu sawa. Gawanyeni kwa uzito.

Siku sita, wapishi sita, Jumapili viporo. Siku ya mtu ipangwe baada ya ratiba ya vipindi kutoka, wala isizunguke. Mwenye kipindi mpaka saa moja usiku Jumanne asipewe Jumanne, atachelewesha watu sita. Aliyepika haoshi vyombo. Anaosha aliyepika jana. Ukishindwa zamu yako, badilishana na mtu na muandike kabla ya saa sita mchana. "Nitakulipa siku nyingine" haihesabiki bila tarehe.

Choo na bafu vifanywe na wawili kwa pamoja, kila Jumamosi, chumba kwa chumba. Mtu mmoja akiachiwa choo hukwepa. Wawili huoneana haya. Jiki na dawa ya choo yenye asidi visikutane hata kwenye ndoo moja, hutoa gesi ya klorini inayoziba pumzi, na bafu nyingi za kupanga hazina dirisha la maana.

Kikao ni kila Jumapili ya pili, nusu saa, daftari likiwa wazi. Kura nne kati ya sita zinatosha kwa mambo ya kawaida. Kumpokea mtu mpya, au kuongeza mchango, ziwe tano. Mhazini abadilike kila semesta hata akiwa mzuri.

Wageni na wanaotoka

Kubebana kunahamia mageto pia. Mgeni alale usiku tatu bure. Usiku wa nne anaanza kuchangia 2,500 za chakula, mwenyeji wake akidaiwa. Usiku wa kumi si mgeni tena, apelekwe kwenye kikao. Mwenzako wa chumba ana haki ya kukataa hata usiku wa kwanza, kwa sababu kitanda kilichobanwa ni chake.

Kila mwaka mmoja hutoka katikati: amepata hosteli, ameahirisha masomo, amedisko (ameondolewa chuo kwa kufeli). Andikeni tangu Novemba kwamba anayetoka anatafuta mbadala atakayekubaliwa kwa kura tano, na mpaka apatikane, kodi aliyokwisha kulipa ya miezi mitatu ile haimrudii. Vitu vya pamoja, yaani jiko, friji, ndoo, pazia, viwe na orodha yenye bei ya kununulia. Shusha thamani robo kila semesta. Jiko la 120,000 lililotumika semesta moja ni 90,000, fungu lake 15,000, na mrithi wake ndiye anayemlipa, si mfuko.

Mitihani na kufunga

Wiki mbili za UE, mitihani ya mwisho wa semesta, zina sheria zake. Mfuko wa chakula uongezwe kidogo wiki mbili kabla, zamu za jikoni zipungue kuwa siku nne, mtu apike sufuria kubwa ya kulala hadi kesho yake. Spika zizimwe kuanzia saa tatu usiku. Anayemaliza mitihani mapema ndiye msumbufu kuliko wote. Huyo ndiye apewe jikoni.

Wiki ya mwisho ya Julai msinunue kiroba kipya, maliza kilichopo. Friji liyeyushwe barafu, lifutwe, mlango uachwe wazi kwa kijiti, la sivyo Novemba mtafungua ukungu. Mtungi ufungwe na regyuleta itolewe. Tangi lioshwe, lifunikwe. Maji yaliyotuama miezi mitatu ni nyumba ya mbu. Zima swichi kubwa. Piga picha mita zote mbili mbele ya mwenye nyumba, andika tarakimu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, naye asaini chini yake kabla hamjamkabidhi funguo.